Mzinga na boma la miti: Vita vya pwani vya 1888-1890 kutoka Pugu hadi Mlembule

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kisasa kwenda Morogoro hupita Pugu, kisha Soga, kisha Ruvu. Vituo hivyo vimo katika ukanda unaounganisha jiji na wilaya za Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani. Wengi wanaufahamu ukanda huo kwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mnada wa ng'ombe, mikorosho na mitambo ya maji ya Ruvu.

Ni wachache wanaoukumbuka kwa vita. Hata hivyo, kati ya mwaka 1888 na 1890 nchi hii ya Uzaramo ilikuwa nyuma ya mistari ya mizingiro miwili mikubwa, mmoja wa Dar es Salaam na mwingine wa Bagamoyo. Humo walipita wapiganaji, wakimbizi, mateka na majeshi ya kukodiwa, na humo zilichomwa nyumba za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Vitabu vingi vya shule huviita vita hivyo Vita vya Abushiri, na huvieleza kwa kifupi: wenyeji waliinuka, Wajerumani wakaleta silaha bora, wenyeji wakashindwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha swali muhimu. Ikiwa silaha za Wajerumani zilikuwa bora tangu siku ya kwanza, kwa nini kwa miezi minane hivi walishindwa kutoka nje ya miji miwili?

Jibu lake linapatikana katika uhusiano wa vitu vitatu: mzinga, askari wa miguu na boma la miti.

Chanzo cha vita

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar, aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi kiti baada ya kifo cha Sayyid Barghash, alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa mkataba huo kampuni ilikabidhiwa kwa miaka 50 utawala na ushuru wa forodha wa pwani, kati ya mito ya Umba na Ruvuma. Bendera ya Sultani ingeendelea kupepea, lakini watendaji wangekuwa watumishi wa kampuni.

Utekelezaji ulianza Agosti 1888, na ghasia zikaanza mwezi huo huo. Mjini Pangani mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, aliwadharau liwali na wakuu wa mji na kulazimisha bendera ya kampuni ipandishwe. Mwezi Septemba pwani yote iliwaka. Mjini Kilwa maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Katika miji mingine wenzao waliokolewa na merikebu.

Kufikia mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imebakiwa na miji miwili tu, Bagamoyo na Dar es Salaam, na yote miwili ilikuwa imezingirwa.

Vita vya nani na nani?

Mara nyingi vita hivi huelezwa kama mapambano ya pande mbili, wageni na wenyeji. Undani wake ulikuwa na sura pia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Abushiri bin Salim, aliyekuwa na mashamba ya miwa karibu na Pangani, alikuwa mtu wa nasaba ya Kiarabu ambaye ukoo wake ulikuwa na uhasama wa siku nyingi na watawala wa Zanzibar. Wapiganaji wa Pangani hawakumpinga Mjerumani peke yake. Septemba 1888, Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, alipopelekwa Pangani kutuliza hali, naye alifukuzwa. Kwa watu wa Mrima, Sultani aliyeikodisha nchi yao alikuwa amepoteza haki ya kuwaamuru.

Ndani ya miji kulikuwa na mifarakano mingine. Majumbe wenye asili ya mji walikuwa na madai yao dhidi ya maliwali wa Kiomani. Wadeni walikuwa na kinyongo na wafanyabiashara wa Kihindi. Wazaramo wa bara, ambao viongozi wao walijulikana kwa cheo cha pazi, walikuwa na desturi ya kudai ada zao kwa watu wa mjini, na kampuni ilipochukua forodha walihofu kuzikosa.

Wapo pia watu wakubwa wa pwani waliosimama na Wajerumani. Mmoja wao ni Sulaiman bin Nasr el Lemki, ambaye baadaye alikuwa liwali wa Dar es Salaam. Na kama tutakavyoona, jeshi lililowashinda wapiganaji wa pwani lilikuwa karibu lote la Waafrika.

Kwa hiyo anayesimama leo Pugu au Ruvu na kuuliza ni upande gani babu zake walipigania, huenda asipate jibu moja.

Masafa ya mzinga wa manowari

Wazingiraji walikuwa wengi kuliko waliozingirwa. Mjini Dar es Salaam, watumishi wa kampuni walikuwa wachache sana. Kwa hesabu ya watu, mji ulipaswa kuanguka katika siku chache.

Uliokolewa na bandari yake. Manowari za Ujerumani, ikiwamo Leipzig iliyohusika na mapigano ya Bagamoyo, zilikuwa na mizinga mikubwa iliyoweza kurusha makombora ya kupasuka kupita juu ya nyumba za ufukweni na kuanguka kwenye viunga. Wapiganaji walipokusanyika mahali peupe, merikebu iliwafyatulia. Walipotawanyika, mabaharia waliteremka kwa mashua, wakapigana kwa bunduki kwa saa chache, kisha wakarudi melini.

Bagamoyo iliteketea kwa njia hiyo. Mapigano ya Septemba na yale ya Desemba 1888, ambapo Abushiri mwenyewe aliongoza mashambulizi, yaliacha sehemu kubwa ya mji ikiwa majivu. Maelfu ya wakazi walikimbilia katika viwanja vya misheni ya mapadri wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu, ambao Abushiri aliwaheshimu na hakuwagusa.

Desemba hiyo hiyo Ujerumani na Uingereza zilianza kufunga pwani kwa manowari, kwa maelezo kwamba zinazuia biashara ya watumwa na uingizaji wa silaha. Baruti na risasi zikaanza kuadimika upande wa wazingiraji.

Hapo ndipo palipojitokeza kanuni ya vita kwa miezi ile ya mwanzo. Mahali ambapo kombora la manowari liliweza kufika, Mjerumani alibaki. Mahali ambapo halikufika, alitawala mwenye watu wengi na mwenye kuijua nchi. Mpaka wa utawala ulichorwa na masafa ya mzinga, na haukuwa mbali na ufukwe.

Pugu, Januari 1889

Pugu iko takriban kilometa 20 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwenye vilima vinavyopanda kuelekea Kisarawe. Mwaka 1888 wamisionari wa Kibenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifungua hapo kituo chao cha kwanza nchini. Walikuwa na bustani, majengo ya awali, na watu waliokombolewa utumwani waliowekwa chini ya uangalizi wao.

Kituo hicho kilikuwa nje kabisa ya masafa ya mizinga ya merikebu. Hakikuwa na ngome wala kikosi cha kukilinda. Wamisionari walishauriwa kuondoka, wakabaki.

Tarehe 13 Januari 1889 kituo kilishambuliwa. Bruda wawili, Petrus Michl na Benedikt Kantwerk, pamoja na Sista Martha Wansing, waliuawa. Wengine kadhaa walichukuliwa mateka, na baadaye walikombolewa kwa fidia baada ya mazungumzo yaliyosaidiwa na mapadri wa Bagamoyo. Kituo kilichomwa. Watu waliokuwa wamekombolewa utumwani walitawanyika au walichukuliwa tena.

Habari za Pugu zilifika Ulaya upesi, na vifo vya wamisionari vikazungumzwa sana. Hatima ya wale waliorudishwa utumwani haikupata nafasi kama hiyo.

Katika majuma hayo hayo wapiganaji walioongozwa na Suleiman bin Sef waliushambulia mji wa Dar es Salaam wenyewe. Nyumba nyingi zikaharibiwa, lakini bandari na majengo ya kampuni yakabaki. Tofauti ya matokeo kati ya Pugu na Dar es Salaam haikutokana na ushujaa wa watu wa upande wowote. Mji ulikuwa chini ya mizinga ya merikebu, na kilima hakikuwa.

Jeshi la Wissmann

Mwishoni mwa Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni mbili kwa ajili ya kampeni iliyoelezwa kuwa ya kukomesha utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Kansela Bismarck alimkabidhi kazi hiyo Hermann von Wissmann, msafiri aliyekuwa ameshavuka bara la Afrika.

Wissmann hakuleta jeshi la Wajerumani. Alikwenda Cairo na kuajiri takriban Wasudani 600, wengi wao wakiwa askari wa zamani wa jeshi la Misri waliokosa kazi baada ya Sudan kuangukia mikononi mwa Mahdi. Kutoka Msumbiji waliletwa Washangaan mia kadhaa, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Waliongezwa Wasomali na askari wachache wa pwani. Maofisa na makoplo wa Kijerumani walikuwa wachache mno ukilinganisha na askari waliowaamuru.

Askari hao walipewa bunduki za Mauser za kupakia risasi kwa nyuma. Wapiganaji wa pwani wengi walikuwa na magobore ya kushindiliwa baruti kwa mdomo. Mwenye gobore alipaswa kumimina baruti, kusukuma risasi kwa mdeki na kuweka fataki kabla ya kufyatua tena. Katika muda huo mwenye Mauser alikuwa ameshafyatua mara kadhaa, tena akiwa amelala chini.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa mizinga midogo. Ilikuwa mizinga ya kuvutwa kwa magurudumu au kufunguliwa vipandevipande na kubebwa na wapagazi. Pamoja nayo lilikuja bombomu aina ya Maxim. Kwa mara ya kwanza mzinga wa Mjerumani uliweza kuondoka ufukweni na kufuata njia ya misafara. Mpaka uliokuwa umechorwa na masafa ya manowari ukafutika.

Boma lilivyokuwa

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kulielewa boma. Pwani yetu ina ngome za mawe zinazojulikana, kama Fort Jesus ya Mombasa, iliyozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Lakini katika Mrima na Uzaramo ngome ya kawaida ilikuwa ya miti.

Magogo yalisimikwa ardhini yakiwa yamesongamana, wakati mwingine kwa safu mbili, na nafasi iliyo katikati ikajazwa udongo. Matundu ya kutolea bunduki yaliachwa. Nje kulichimbwa handaki au kupangwa matawi ya miiba. Mlango ulikuwa mwembamba na njia ya kuufikia ilipindapinda ndani ya kichaka, ili anayekuja asiweze kukimbia moja kwa moja.

Boma la namna hii lilikuwa kinga ya kutosha katika vita vya bunduki kwa bunduki. Risasi ilikwama katika gogo. Askari wa miguu aliyeshambulia bila mzinga alilazimika kusimama mbele ya matundu huku akikata miiba kwa panga, na wenye magobore walimngoja karibu, pale ambapo hata gobore halikosei.

Mzinga mdogo nao, ukiwa peke yake, haukuwa dawa. Kombora lilitoboa mahali lilipogonga, lakini gogo lililosimikwa vizuri halikuanguka kwa pigo moja, na aliyekuwa ndani aliweza kulala nyuma ya udongo. Kazi halisi ya mzinga ilikuwa kuwalazimisha watetezi wainamishe vichwa na waache matundu yao kwa muda, ili askari wa miguu wapate kuvuka ule uwanja wa mwisho wakiwa hai. Mzinga ulifungua njia, na boma likatekwa na mtu aliyeruka ukuta.

Jahazi, 8 Mei 1889

Abushiri alikuwa amejenga boma kubwa mahali paitwapo Jahazi, karibu na Bagamoyo, akiutazama mji na njia iendayo kwenye mto Ruvu, ambao sehemu yake ya chini ilijulikana kwa jina la Kingani. Ndani aliweka wapiganaji mia kadhaa na mizinga michache ya kizamani.

Kabla ya Wissmann kufika, Abushiri alikuwa katika mapatano ya kusitisha mapigano na mkuu wa manowari za Kijerumani, Admirali Deinhard. Wissmann hakutaka mapatano yaendelee. Tarehe 8 Mei 1889 aliongoza Wasudani, Washangaan na mabaharia wa manowari kwenda Jahazi.

Mizinga ilitangulia kufyatua. Watetezi walijibu kwa risasi, na kwa muda boma lilistahimili. Kisha askari wa miguu walisogea kwa safu kutoka pande tofauti, wakaufikia ukuta wa magogo, wakaupanda na kuingia kwa singe. Mapigano ya mwisho yalikuwa ya ana kwa ana. Taarifa za Wajerumani zilitaja zaidi ya wapiganaji 100 waliouawa upande wa Abushiri. Upande wa pili waliouawa walikuwa wachache, mmojawapo akiwa ofisa wa jeshi la majini.

Abushiri mwenyewe aliponyoka. Lakini mzingiro wa Bagamoyo ulivunjika siku ile, na baada ya muda mfupi viunga vya Dar es Salaam navyo vikasafishwa. Saadani ilitekwa mwezi Juni, Pangani na Tanga mwezi Julai. Katika miji hiyo mizinga ya merikebu ilipiga kutoka baharini huku askari wa Wissmann wakishuka nchi kavu.

Yombo, na adha ya Uzaramo

Abushiri alikimbilia bara, akakiteketeza kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa, kisha akatafuta nguvu mpya. Alizipata kwa watu waliojulikana pwani kwa jina la Mafiti, wapiganaji kutoka upande wa Mahenge waliotumia mikuki na ngao kwa mtindo wa Kingoni.

Mafiti walishuka pwani kwa maelfu wakipitia Uzaramo. Hawakuwa na ugomvi na kampuni ya Kijerumani. Walikuja kwa ajili ya mateka na ngawira, na vijiji vilivyokuwa njiani mwao ndivyo vilivyolipa. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, akiba za chakula zikaporwa. Wakazi walikimbilia misituni au kwenye miji ya pwani, ikiwamo ile ile ambayo baadhi yao walikuwa wameizingira miezi michache nyuma.

Mwezi Oktoba 1889 ofisa wa Kijerumani aitwaye Gravenreuth alikutana na Mafiti hao Yombo, katika nchi ya nyuma ya Bagamoyo. Hapa hapakuwa na boma. Ilikuwa vita ya uwanjani, na safu ya Wasudani wenye Mauser, wakifyatua kwa amri, ilitosha kuwazuia na kuwatawanya watu waliokuja kwa mikuki.

Matokeo ya Yombo yalikuwa makubwa kisiasa kuliko kivita. Wazaramo wengi waliokuwa na Abushiri, au waliokuwa wakingoja kuona, walimgeukia. Mtu aliyewaletea Mafiti hakuwa tena mtetezi wao. Mapazi na majumbe wakaanza kwenda kwa Wajerumani kutafuta amani. Hakuna boma lililotekwa katika nchi hiyo mwezi ule, lakini nchi ya nyuma ilipotea kwa wapiganaji, na mzingiraji asiye na nchi ya nyuma hana chakula, hana habari wala mahali pa kurudi.

Abushiri alikamatwa Desemba 1889 baada ya kutolewa na jumbe mmoja aliyekuwa amemkimbilia akiwa amechoka na amebaki karibu peke yake. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Mlembule: boma lililokataa

Anayetaka ushahidi kwamba boma la miti halikuwa kitu cha kudharauliwa na autafute kwa Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Saadani. Baada ya mji wake kutekwa, Bwana Heri aliingia bara na kujenga boma Mlembule, ndani ya kichaka kizito.

Mwishoni mwa Desemba 1889 kikosi cha Wajerumani kilikwenda kulishambulia. Kilirudishwa nyuma. Kichaka kiliwazuia kuona ukuta mpaka wameukaribia, na waliokuwa ndani walipiga kwa utulivu.

Mwanzoni mwa Januari 1890 Wissmann alikuja mwenyewe na askari wengi zaidi na mizinga. Boma likapigwa, kisha likashambuliwa, na likaanguka. Hata hivyo Bwana Heri alitoka na watu wake, akajenga tena Palamakaa, akashambuliwa tena mwezi Machi. Alisalimu amri Aprili 1890 kwa mazungumzo, yaliyopitia kwa Sulaiman bin Nasr el Lemki. Wakati huo watu wake walikuwa wamedhoofika kwa njaa.

Inafaa kuzingatia kwamba Bwana Heri hakunyongwa. Wajerumani walimpa masharti kwa sababu kumshinda kabisa kungewagharimu. Mwezi Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zilichukuliwa, na vita vya pwani vikahesabiwa kuwa vimekwisha. Mwaka huo huo, kwa mkataba wa Julai kati ya Uingereza na Ujerumani, hatima ya pwani yote ilikamilishwa katika ofisi za Ulaya, na Sultani akalipwa marki milioni nne.

Mafunzo waliyoyachukua pande zote

Jeshi la Wissmann liligeuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi rasmi la koloni. Lilichukua kutoka pwani imani kwamba mzinga, bombomu na askari mwenye nidhamu wangeshinda popote.

Imani hiyo ilivunjika mapema. Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, yule yule wa Pangani ambaye Wahehe walimwita Nyundo, aliuawa Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wapiganaji wa Mkwawa hawakumngoja ndani ya boma. Walimvizia njiani, mizinga ikiwa bado juu ya punda na migongoni mwa wapagazi, haijafungwa wala kuelekezwa.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Mkwawa alingoja ndani ya ngome yake ya Kalenga, yenye ukuta mrefu wa mawe na udongo. Wajerumani walileta mizinga, wakapiga, kisha wakapanda ukuta kwa askari wa miguu. Kalenga ikaanguka kwa namna ile ile ya Jahazi.

Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, hali iligeuka. Safari hii Wajerumani walikuwa ndani ya boma na Waafrika nje. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo maelfu walilishambulia boma la Mahenge uwanjani, wakakutana na bombomu. Katika Uzaramo ya Kisarawe, Kibasila, kiongozi aliyepinga kulimishwa pamba kwa nguvu, alinyongwa na Wajerumani. Jina lake leo liko katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam.

Ukiyaweka matukio haya pamoja utaona kwamba silaha bora haikuwa na nguvu sawa kila mahali. Ilitegemea ardhi, umbali na nani amemlazimisha mwenzake kupigana mahali asipopapenda.

Kilichobaki ardhini

Ngome ya mawe huacha magofu. Boma la miti huacha kidogo sana: magogo huoza au kuliwa na mchwa, handaki hujaa udongo, na shamba la mihogo hufuata. Ndiyo maana mtalii anaonyeshwa Ngome Kongwe ya Bagamoyo na mahali ambapo Wajerumani waliwanyongea watu, lakini si rahisi kuonyeshwa mahali ambapo magogo ya Jahazi yalisimama.

Wenzetu mahali pengine wameshughulika na tatizo hili. Mji wa Vicksburg nchini Marekani ulizingirwa kwa siku 47 mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Huko nako merikebu zilipiga kutoka majini na askari wa miguu wakachimba mahandaki kwenye udongo usio na mawe. Mwaka 1899 eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa, na leo mgeni anaweza kutembea akasoma mahali kila kikosi na kila mzinga uliposimama, wa upande ulioshinda na wa ulioshindwa.

Kwetu kumbukumbu imehifadhiwa zaidi kwa maneno. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi mrefu kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, nao unabaki kuwa mojawapo ya maelezo machache ya vita hivi yaliyoandikwa na mtu wa pwani mwenyewe. Taarifa nyingine nyingi ziliandikwa na maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Hesabu za waliokufa Jahazi ni zao, na majina ya waliouawa Pugu ni ya watu wao.

Upande wa Uzaramo pengo ni kubwa zaidi. Mzee wa Kisarawe au Kibaha ambaye bibi yake alimsimulia kuhusu kukimbilia msituni walipopita Mafiti ana habari ambazo hazimo katika makumbusho yoyote. Majina ya vijiji vilivyohama, visima vilivyoachwa na miti iliyotumika kama alama za njia ya misafara yangeweza kukusanywa na walimu wa historia na wanafunzi wao kwa gharama ya daftari na kalamu.

Kazi hiyo ina haraka, kwa kuwa viwanja vinapimwa, barabara zinapanuliwa, na Pugu imekuwa sehemu ya jiji. Wataalamu wa mambo ya kale wana njia za kutafuta mashimo ya magogo na risasi za kale ardhini, lakini hawawezi kuchimba mahali ambapo pamejengwa nyumba, wala kuuliza maswali kwa watu waliokwisha kufa.

Kwa wilaya za Kisarawe na Kibaha, ambazo zinatafuta wageni wa misitu ya Pugu na wawekezaji wa bonde la Ruvu, historia hii ni mali pia. Zaidi ya hapo ni deni kwa watu waliolipa gharama ya mizingiro ya Dar es Salaam na Bagamoyo bila kuwa ndani ya ngome ya upande wowote.